Mwalimu, shamba hilo ni lako pia

*Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 65, naishi Mbozi. Nilimaliza darasa la saba 1976, nikachukuliwa mafunzo ya ualimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nikaolewa 1981, nikafundisha shule za msingi za huku huku mpaka nilipostaafu. Muda wote huo tulilima kahawa na mahindi. Eka mbili kati ya sita nilinunua kwa mshahara wangu, na kiinua mgongo changu kilinunua miche mipya na mabati ya nyumba. Sasa mume wangu amewaita vijana wetu watatu na kuwagawia shamba lote, anataka wapimiwe wapate hati. Mabinti wawili hawamo, na mimi simo. Nilipouliza akasema, "Wewe una pensheni yako." Nikinyamaza roho inaniuma, nikisema nitaonekana mgomvi uzeeni. Nifanyeje?*

Shikamoo, Mwalimu.

Naanza na hilo la ugomvi, maana ndilo linalokufunga mdomo. Anayeuliza jasho lake limekwenda wapi hajamgombeza mtu. Mzee ndiye aliyeitisha kikao bila wewe. Ukiuliza, unaendeleza mazungumzo aliyoyaanza yeye.

Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka watoto wote waliofikia umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, walimu hawakutosha. Nchi ikawageukia ninyi, vijana mliotoka tu darasa la saba, mkasomea ualimu huku mkishika chaki. Wako waliowabeza kwa jina hilo la UPE. Mimi nawaheshimu, kwa sababu vijiji vingi visingekuwa na mtu wa kuwafundisha watoto herufi. Na kengele ya jioni ikilia, siku yako ilikuwa bado mbichi. Kahawa ikiiva haingoji likizo: inachumwa, inamenywa siku hiyo hiyo isije ikaharibika, inaoshwa, inaanikwa, inachambuliwa. Halafu malipo yakija kwenye chama cha msingi cha ushirika, jina linaloitwa ni la mzee. Hapo ndipo watu wanapoanza kuamini, hata watoto wako mwenyewe, kwamba kahawa ni ya baba.

Neno la pensheni lisikuyumbishe. Pensheni ni malipo ya kazi yako ya ualimu. Si gawio la shamba. Tena fedha hiyo unakula na nani, kama si na yeye? Na Mungu akimtanguliza mzee, utabaki kwenye ardhi ya wanao, ukiomba tuta la kupanda maharage kwa mkwe. Wanao wanaweza kuwa watu wema kabisa na bado jambo hilo likakudhalilisha.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inasema ardhi ikiwa kwa jina la mwenza mmoja, na mwingine amechangia kwa kazi yake kuizalisha, kuitunza na kuiendeleza, basi kazi hiyo inampa maslahi katika ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Hilo linawagusa na mabinti zako. Na nyumba uliyoiezeka, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mzee aiuze au aiweke rehani bila ridhaa yako.

Sikupeleki mahakamani. Miaka yote hiyo ya ndoa inastahili kwanza maongezi ya watu wawili, vijana wakiwa hawapo. Mzee wako, nadhani, anaogopa wanawe wasije wakapigana akishazikwa, na hofu hiyo ni ya baba mwema. Ianzie hapo. Mwambie unataka amani ile ile, ila njia yake ni nyingine: hati ya haki miliki ya kimila iandikwe majina yenu wawili, vijana waendelee kulima vipande vyao mkiwa hai, na mgao wa baadaye uandikwe pamoja, mabinti wakiwemo. Hao mabinti uliwasomesha sawa na kaka zao. Usikubali kuwaombea kipande cha huruma.

Akikataa, mtafute mtu anayemheshimu, dada yake mkubwa au mzee wa kanisa au wa msikiti, akae nanyi. Ikishindikana, nenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Kazi yake ni kupatanisha. Ila jambo moja lisingoje maongezi yoyote: nenda ofisi ya kijiji, umweleze mtendaji kwa maandishi kwamba una maslahi katika shamba hilo na hujaridhia mgao. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayopitisha maombi ya hati hizo, na hati ikishatoka kwa majina ya vijana, kuirudisha nyuma ni safari ndefu.

Kusanya na karatasi zako: hati ya mauziano ya zile eka mbili, hata kama imeandikwa kwa mkono mbele ya balozi wa nyumba kumi na bado inasema Mkoa wa Mbeya, kwa kuwa Mkoa wa Songwe, ilipo Mbozi sasa, umezaliwa 2016; risiti za miche na mabati; barua ya kustaafu. Usiache nakala halisi ndani ya nyumba hiyo peke yake. Toa nakala, na seti moja mpe binti yako mkubwa leo hii.