Uradi na simu ya bosi

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Kontena likikwama, lawama ni zangu. Bosi anapiga simu hata saa nne usiku. Silali, na kifua kinabana. Rafiki yangu ananivuta kwenye halka ya zikri ya Kadiria, ile njia ya Kisufi ambayo watu hukaa duara wakimtaja Mungu, lakini naona haya kumkimbilia Mungu kama mtu anayetafuta Panadol. Nifanyeje?
Karani, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haya ya nini? Hapa kwetu Bagamoyo, Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931, aliletwa pwani utotoni akiwa mtumwa kutoka Kongo ya mashariki, na ndiye aliyekuja kuwa khalifa, yaani kiongozi, mkubwa wa Kadiria. Njia hii imezoea watu wenye mabwana wakali.

Kabla ya yote, hicho kifua kipeleke zahanati wakupime presha. Wiki hii.

Halafu nenda na rafiki yako usiku wa kuamkia Ijumaa. Kaa safu ya nyuma. Zikri ikipanda, vijana wakaanza kuyumba, usishindane nao kwa pumzi. Mimi nilishindana siku ya kwanza nikatoka na kizunguzungu, wakadhani nimepandwa na hali, ile jazba ya zikri!

Kazi yenyewe iko nyumbani: uradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu unayoyarudia kila siku. Nilipokuwa karani wa ghala nilianza hivi: nikishaswali Magharibi, sinyanyuki kwenye mswala. Astaghfirullah mia, kumswalia Mtume mia, la ilaha illallah mia. Haizidi robo saa. Mia ya kwanza utakuwa unahesabu makontena, najua, mimi nilihesabu magunia. Endelea tu. Kwenye ile ya tatu mabega hushuka yenyewe. Usijiongezee nyiradi kwa pupa. Mtume alisema amali apendazo Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Ukitaka zaidi, muombe sheikh akupe ijaza, yaani ruhusa.

Na simu? Kwenye droo, imezimwa, mpaka umalize. Ila bosi usimwachie Mungu peke yake. Mwandikie kwa adabu kwamba baada ya saa mbili usiku utapokea simu ya dharura tu, na dharura ni ipi mkubaliane. Uradi haukuwekwa ili ubebe mizigo ya watu kama punda wa Lamu.

Tasbihi usinunue ya bei. Yangu imekatika mara mbili, zimebaki shanga 96, zilizopungua namalizia kwa vidole.