Karafuu inaua bakteria, mbona losheni yangu imeota ukungu?

SWALI: Natengeneza mafuta ya nazi ya kupaka na losheni ya mwani hapa Chake Chake. Kila chupa naitia matone ya mafuta ya karafuu, maana nimesoma kwamba yanaua bakteria na kuzuia kuchacha. Mafuta ya nazi yamekaa miezi, hayana tatizo. Losheni imeota ukungu wiki ya tatu. Niongeze karafuu? (Msomaji, Pemba)

JIBU: Usiongeze, dada. Na losheni ya mkupuo huo itupe yote, hata chupa ambazo ukungu bado hauonekani.

Ulichosoma ni kweli. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kwa kawaida asilimia 70 hadi 90, ni eugenoli, na yale yanayokenekwa kutoka kwenye makonyo (vijiti vya karafuu) huwa nayo nyingi vilevile. Eugenoli hujipenyeza kwenye utando wa bakteria na kuutoboa, chumvi na nishati ya ndani zikavuja, kijidudu kikafa. Maabara wakijaribu hilo kwenye kisahani, matokeo huwa mazuri sana.

Shida ni kwamba losheni yako ni maji na mafuta yaliyochanganywa kwa nguvu. Eugenoli hupenda mafuta, kwa hiyo nyingi yake hukimbilia huko. Bakteria na ukungu huishi kwenye maji. Kwa hiyo dawa iko chumba kimoja na mgonjwa yuko chumba kingine. Isitoshe, mwani una wanga ambao vijidudu hula. Wako pia bakteria kama Pseudomonas, wenye utando wa ziada kwa nje, ambao karafuu huwasumbua kidogo tu. Hao ndio ninaowaogopa zaidi, kwa sababu wanaweza kujaa kwenye chupa bila wewe kuona chochote, kisha wakaingia kwenye jicho au kidonda cha mteja.

Ukizidisha karafuu hadi iwashinde wote, utakuwa umeshaiunguza ngozi. Kwa bidhaa inayobaki mwilini mimi sivuki asilimia 0.5. Hesabu hiyo ifanye kwa mizani, si kwa matone, maana tone la chupa moja si sawa na la nyingine.

Sasa mafuta ya nazi. Hapo umeipa karafuu sifa isiyo yake. Mafuta ya nazi yaliyokauka vizuri hayana maji ya kuoteshea kitu, na karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni zile zilizoshiba, ambazo oksijeni haizishambulii kwa urahisi. Yangekaa hata bila karafuu.

Nguvu ya karafuu dhidi ya kuchacha utaiona kwenye mafuta ya alizeti. Yakikutana na hewa na mwanga, molekuli moja huharibika na kuiharibu ya jirani, nayo inayofuata, mnyororo usiokatika. Eugenoli hutoa hidrojeni yake na kuukata mnyororo huo. Kazi hiyo maabara huipima kwa DPPH, kimiminika cha zambarau kinachogeuka njano, na karafuu hufanya vizuri humo. Lakini rangi ya kwenye kichupa haituambii lolote juu ya saratani au uzee, na nakuomba usiandike hayo kwenye lebo, hata kama jirani yako sokoni ameandika.

Wala usidhani kila mafuta ya mmea yana tabia hiyo. Ya maganda ya machungwa yamejaa limonini, ambayo yenyewe huoksidika ikiachwa wazi, na mazao yake huwasha ngozi.

Losheni inahitaji kihifadhi halisi: fenoksiethanoli isiyozidi asilimia 1, ikisaidiwa na potasiamu sorbeti dhidi ya ukungu, na pH (kipimo cha uchachu) ishushwe hadi 5 au chini kidogo, maana sorbeti hulala pH ikipanda. Tumia maji yaliyochemshwa na chupa zilizokauka kabisa. Karafuu ibaki kwa ajili ya harufu, na jina eugenoli liandikwe kwenye lebo, kwa kuwa wapo wanaopata mzio nayo.

Kabla ya kuuza tena, ipeleke losheni kwenye maabara ya vipodozi, uombe kipimo cha uwezo wa kihifadhi: hutia vijidudu kwa makusudi, kisha huvihesabu kwa siku 28. Taasisi ya Viwango Zanzibar waulize pa kuanzia.