Kabla ya Kuuliza Uzi Umetoka Nchi Gani

Januari ni msimu wa sare, na mafundi wa Nairobi tunajua mwezi huo hauna usingizi. Mwaka mmoja nilikuwa na oda ya suruali 22 za kijivu. Uzi ukaniishia kazi ikiwa katikati, nikakimbia mjini nikanunua koni tatu katika duka la kwanza nililolikuta. "Huu ni wa Ujerumani, mama," muuzaji akanihakikishia. Karatasi ya koni ilikuwa na maneno ya Kijerumani kweli, nami sikutazama zaidi ya hapo.

Wiki ya tatu ya shule, mama mmoja alinijia na suruali ya mwanawe. Mshono wa makalio ulikuwa umefumuka kutoka kiunoni hadi katikati ya miguu. "Fundi, mtoto ameshinda siku nzima amejifunga sweta kiunoni." Kitambaa kilikuwa kizima, uzi ndio uliokatika. Nilizikusanya zote 22, nikazifumua na kuzishona upya bila malipo. Lakini haya aliyoiona yule mtoto sikuweza kuifumua, na inaniuma mpaka leo.

Tangu hapo, swali la nchi naliweka mwisho. Majina ya uzi hukaa, viwanda huhama. Mji wa Paisley, huko Scotland, ndiko familia ya Clark ilikoanza kutengeneza uzi wa pamba wa kushonea mwanzoni mwa karne ya 19, vita vya Napoleon vilipofanya hariri iwe adimu. Kampuni ya uzi ya Coats, ambayo pia ilizaliwa Paisley, iliungana na akina Clark mwaka 1896. Leo uzi wa Coats husokotwa katika nchi nyingi, India na Vietnam zikiwemo. Gütermann, kampuni nyingine ya uzi iliyoanza mwaka 1864, ilijenga kiwanda chake Gutach, Ujerumani. Kwa hiyo jina la Ulaya si ushahidi kwamba uzi ulisokotwa Ulaya, na uzi wa India usiudharau kwa sababu ya kwao. Nimeshonea wa India miaka mingi na haujaniangusha.

Basi nikifika dukani, iwe Biashara Street au Eastleigh, naomba kuufungua uzi kidogo. Nauvuta kama mita moja na kuutandaza juu ya kitambaa cheusi, au cheupe kama uzi wenyewe ni mweusi, karibu na mlango penye mwanga. Uzi duni una manyoya yaliyosimama kama ya paka aliyeogopa, tena hapa mwembamba, pale una kivimbe. Kile kivimbe ndicho kinachokwama kwenye tundu la sindano. Yale manyoya nayo hujaa chini ya bamba la cherehani, kati ya meno, na ukifungua kusafisha unakuta yameshikana kama pamba ya godoro.

Kisha nazishika ncha mbili na kuzisogeza karibu, uzi uning'inie. Uliosokotwa vizuri hutulia. Ukijipinda wenyewe kwa wenyewe mara moja, jua utapiga mafundo. Mwisho nauvuta polepole mpaka ukatike. Poliesta nzuri hunyumbuka kidogo kabla ya kukatika. Koni zilizokaa dirishani zikipigwa na jua sizigusi hata kwa bei ya bure, kwani jua hula nguvu ya uzi.

Ukiwa na shaka kama ni pamba kweli, choma kipande kidogo nyumbani. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini; poliesta huyeyuka, ikaacha kijidonge kigumu.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawalipimi: urefu. Tex maana yake ni gramu za uzi kwa kila mita 1,000. Uzi wa Tex 27, ule mwembamba wa namba 120 tunaoshonea mashati, ukiwa yadi 5,000, yaani kama mita 4,570, lazima uwe na takriban gramu 123, bila kuhesabu koni yenyewe. Nilipopima zile koni za Januari ambazo sikuwa nimezifungua, zilizoandikwa urefu huo huo, kwenye mizani ya duka la jirani, uzi wa kila moja ulikuwa gramu 80 na kidogo. Niliuziwa uzi dhaifu, tena pungufu.

Na kumbuka ile namba ya uzi, si Tex, ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Makalio ya suruali ya mtoto anayeruka kamba na kuteleza chini siyashonei tena namba 120. Naweka namba 80 na sindano ya saizi 16, kisha napitisha mshono mara mbili.

Koni mbili zilizobaki bado ninazo. Nazitumia kupigia bandi tu, ule mshono wa muda, kwa sababu hapo nataka uzi unaokatika upesi.