Betri inayoisha gari likiwa limezimwa

SWALI: Gari langu lina zaidi ya miaka ishirini. Nikiliegesha kwa siku mbili, haliwaki: starta inagongagonga kisha inanyamaza. Nimekwisha kubadilisha betri mara mbili, na fundi amepima alteneta akasema inachaji vizuri. Umeme unakwenda wapi?

JIBU: Usinunue betri ya tatu kabla hujapima, kwa maana dalili ulizozieleza ni za kifaa kinachoendelea kula umeme gari likiwa limezimwa. Kila gari hula kidogo kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya redio, lakini kiasi hicho kwa kawaida hakizidi miliampea 50. Kikifika nusu ampea, kwa siku mbili betri ya ampea-saa 45 hupoteza ampea-saa 24, yaani zaidi ya nusu ya ujazo wake.

Chaji betri ijae, fungua boneti, shusha kioo cha dereva, kisha funga kitasa cha mlango kwa bisibisi huku mlango wenyewe ukiwa wazi, ili taa ya ndani izimike nawe uweze kufikia fyuzi. Chomoa waya hasi wa betri, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye tundu lake la ampea 10, na uiunganishe kati ya nguzo hasi na waya huo. Usiwashe swichi ya gari wakati huo, kwani fyuzi ya mita inaweza kuungua papo hapo. Nami niliwahi kuunguza mbili kwa asubuhi moja kwa haraka zangu.

Hapa ndipo wengi hukosea: mita huanza kwa kusoma juu, nao huanza kuchomoa fyuzi papo hapo, ilhali baadhi ya vifaa huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kulala, yaani kupunguza umeme vinaokula. Subiri namba itulie. Ikibaki juu, tuseme ampea 0.48, chomoa fyuzi moja moja huku ukiitazama. Ile itakayoishusha hadi 0.03 imekuonyesha njia, ingawa njia moja huweza kulisha vifaa kadhaa. Anzia na redio au king'ora kilichofungwa baadaye, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyonasa, ambayo mara nyingi utaihisi ina joto, na taa ya buti. Taa hiyo haionekani buti likiwa limefungwa, kwa hiyo ing'oe balbu uone kama namba itashuka.

Ukimaliza fyuzi zote bila mabadiliko, rudi kwenye alteneta, hata kama ilisifiwa. Diodi yake (kijisehemu kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) inayovuja huweza kurudisha umeme nyuma injini ikiwa imezimwa, na bado ikaonyesha volti 14 injini ikinguruma. Ondoa kabisa waya hasi wa betri, fungua waya mnene wa alteneta, uzungushie utepe ncha yake isiguse chuma, kisha upime upya.