Mume wangu alipakwa limbwata machoni, je ananipenda kweli?

Shangazi shikamoo. Mimi naitwa Helena, niko Athens. Demetrius alikuwa hanitaki kabisa, alimtaka shoga yangu Hermia, halafu usiku mmoja tukiwa msituni akaamka usingizini ananisifia macho na midomo, na sasa tumeoana. Nasikia eti alipakwa maji ya ua linalomfanya mtu ampende wa kwanza kumuona akiamka, na Lysander wa Hermia naye alipakwa kwa makosa ila yeye akatolewa dawa, wangu hakutolewa. Silali shangazi. Na mimi sijamkosea mtu. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana kwa kukosa usingizi. Haya, pole imeisha.

Hujamkosea mtu? We Helena, hiyo komedi yako, A Midsummer Night's Dream, Shakespeare aliiandika miaka ya 1590, watu wanaiangalia mpaka leo, sasa mimi unanificha nini? Hermia alikupa siri yake kwamba anatoroka na Lysander, maana baba yake Egeus kashampeleka kwa Theseus, mtawala wa Athens, ni aolewe na Demetrius, akikataa ni kifo au utawa wa maisha. Roho ya mtoto wa watu iko rehani, wewe huyoo mbio kwa Demetrius kumwambia! Ili upate nini? Upate kumfuata usiku msituni anakwambia akikuona tu anajisikia kuumwa, na wewe unamjibu mimi ni mbwa wako nipige tu. Ukaja kulia kwamba Hermia kakusaliti, mlikaa mto mmoja mkatarizi ua moja, jamani! Siri ulitoa wewe.

Na lile varangati la msituni, sawa, hapo sikulaumu sana. Mfalme wa majini Oberon alikuonea huruma, akamtuma mtumishi wake Puck ampake kijana mwenye nguo za Kiathens, basi Puck kakuta Lysander kalala, kaona nguo, kapaka. Lysander kaamka kakuona wewe, ikawa balaa. Demetrius naye alipopakwa ukafuatwa na wanaume wawili, ukadhani wanakukejeli, ningekuwa mimi ningedhani hivyohivyo. Ila kumsema mwenzio ufupi na kwamba alikuwa mkorofi tangu shule, huo haukuwa uchawi, huo ulikuwa moyo wako.

Sasa Demetrius. Mimi niko upande wake, kasirika ukitaka. Mbona kwenye barua hujaandika kwamba alikuwa wako KABLA hajamuona Hermia? Alikuposa kwanza, Lysander alimsema mbele ya Theseus mwenyewe, na Theseus akakiri kwamba habari hiyo anayo. Asubuhi ile Demetrius alisema mwenyewe alikuwa kama mgonjwa aliyechukia chakula, sasa kapona hamu imerudi. Kwa hiyo uliletewa mume wako mwenyewe, aliyepotea njia. Dawa ilisaidia, sikatai, lakini ungekuwa na raha usingehesabu matone.

Na nyie wasomaji msicheke, maana siku hizi ndo mmezidi, mume akinuna anasemwa kalogwa, akiwa mpole ooh kalishwa limbwata, simu inapekuliwa saa nane za usiku, mganga analipwa, kumbe hakuna aliyekaa kitako akamuuliza mwenzie wewe una nini. Ndoa gani ya kuchunguzana kama polisi?

Helena, nenda kwa Hermia, peke yako bila Demetrius, umwambie siri yake niliitoa mimi, naomba radhi. Nadhani hiyo ndo inakukosesha usingizi, si macho ya mumeo.

Na hiyo fikra ya kutafuta dawa ya kumtoa, achana nayo kabisa. Atakayekuja kupaka ni Puck huyohuyo anayetambua watu kwa nguo, na mke wa Oberon, Titania, malkia mzima, alipopakwa aliamka akampenda mfumaji Bottom mwenye kichwa cha punda, akawa anamvalisha maua kichwani. Huyo Demetrius wako ukimwamsha vibaya, atakayemuona wa kwanza utamjua wewe?