Mluzi wa saidi mira na salio langu

Juzi kijana mmoja wa Jinja ameniandikia: "Mzee, nikifika tisini gari inapiga mluzi upande wa dereva. Ninunue saidi mira nyingine?" Usinunue. Kwanza nikusimulie jinsi nilivyoaibika.

Mwaka jana mteja aliniletea Premio iliyoparuzwa ubavuni na bodaboda. Nikaingia soko la vipuri la Kisekka, Kampala, nikanunua jozi ya saidi mira za kuigiza, nikafunga moja siku hiyohiyo. Kazi safi, rangi imelingana. Siku ya tatu akarudi: "Fundi, hii kitu inalia." Sasa mimi nimesomea mitambo, sikujifunzia chini ya mwembe, basi sikupanda hata gari lake. Nilichukua karatasi.

Hewa ikipita kwenye kitu butu, nyuma yake huzaliwa vizingo vya upepo, kimoja upande huu, kingine ule. Idadi ya jozi zake kwa sekunde ni kama 0.2 mara mwendo, ugawanye kwa upana wa kitu. Kilomita 100 kwa saa ni mita 28 hivi kwa sekunde; saidi mira nikaipa sentimita 20. Jibu: hezi 28, yaani mitikisiko 28 kwa sekunde. Nikamwambia, "Mzee, huo ni mngurumo, tena wa chini sana. Labda matairi." Akanitazama, kisha akapiga mluzi kwa mdomo, mwembamba, mrefu, mbele ya vijana wangu wote. "Inalia hivi, bwana injinia." Akaondoka bila kulipa salio.

Niliumia. Bado naumia.

Gari langu nalo ni Premio, na ile saidi mira ya pili ilikuwa imebaki. Nikaifunga kwangu. Alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaanza, tukashika barabara ya kulipia kutoka Busega kuelekea Entebbe: vioo vimefungwa, feni imezimwa, shemeji ameshika simu usawa wa sikio langu, programu ikichora sauti. Kwa 100, mstari ukachongoka karibu na hezi 1,900. Kwa 80, ukashuka hadi karibu 1,500. Hapo nikaamka: mluzi unaoteremka sambamba na mwendo unatoka kwenye kitu chenye upana wake. Ungeng'ang'ania palepale, ningetafuta tundu. (Mwendo uushikilie sawasawa. Kelele ya upepo hukua kwa kipeo cha 6 cha mwendo, kwa hiyo kutoka 80 hadi 100 tu unaongeza karibu desibeli 6, halafu unaisifu au kuilaumu bure tepu utakayobandika.)

Tepu ya wapaka rangi ndiyo iliyonifundisha. Nikaziba shina la saidi mira: mluzi upo. Nikaziba mwanya wa kioo: upo. Nikafunika ukingo wa chini wa ganda la plastiki: kimya. Shemeji akadhani programu imekwama. Unene wa ukingo ule, rula ikasoma milimita 3. Rudi kwenye karatasi ileile, 0.2 mara 28, gawanya kwa 0.003: kama 1,850. Hesabu haikuwa na kosa hata siku ile. Mimi ndiye niliyepima kitu kisicho na hatia. Nikapitisha msasa ukingoni, mluzi ukaisha.

Viwanda vikubwa vina mahandaki ya upepo yenye kuta zinazomeza sauti, maikrofoni zimebandikwa kwenye kioo cha mlango, na kompyuta zinazokokotoa kelele kwa misingi aliyoiweka mwanahisabati Lighthill wa Uingereza mwaka 1952. Sisi tuna tepu. Inatosha, ila uache kiburi! Vijana mnaotoka vyuoni, mnakimbilia kutabiri sauti ambayo hamjaisikia. Panda gari la mteja. Sikiliza. Pima, bandika tepu, pima tena, ndipo ushike kalamu. Narudia: panda gari la mteja.

Kijana wa Jinja, niandikie ukishabandika. Nawe mzee wa Premio, ukipita hapa, msasa nitakupigia bure. Salio ni lilelile.