Majaribio yanafurahisha, mbona kanuni hazikai?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi. Wanafunzi wangu hufurahia sana majaribio, lakini wakiulizwa kanuni inayohusika hubaki kimya. Je, nirejee kwenye ubao na chaki?

JIBU: Mwalimu, usirejee, huenda kasoro imo katika mpangilio wa somo. John Dewey, aliyeanzisha shule ya majaribio mjini Chicago mwaka 1896, alishikilia kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda na kuyatafakari aliyoyatenda, na hilo la pili ndilo tunalolisahau (kengele nayo haitusubiri).

Chukua jiwe lililoning'inizwa kwa uzi wa nusu mita. Kabla ya kulibembeza kidogo, kila mwanafunzi aandike kama jiwe zito litakwenda na kurudi upesi kuliko jepesi. Wengi hudhani hivyo. Wakishapima muda wa mibembeo 10 na kuona uzito haukubadili kitu, kisha wakarefusha uzi hadi mita 2 na kukuta muda umeongezeka maradufu, watadai wenyewe kuelezwa sababu. Hapo ndipo kanuni iandikwe ubaoni, kwa maneno yao kwanza, ya kitabu baadaye.